Kukanda na Kunyosha Viungo

Neno kukanda watoto wote wa pwani wanalijua. Mama hukanda unga wa maandazi. Mfinyanzi hukanda udongo kabla ya kufinyanga chungu. Na mkunga humkanda mzazi kwa maji ya moto. Kazi hizi tatu si moja, lakini lugha yetu imeziita kwa jina moja, wala haikukosea, kwa maana katika zote tatu mikono hubonyeza kitu kigumu ili kilainike. Liko na neno la pili, kuchua, ndiko kupaka mafuta mahali panapouma na kupasugua kwa kiganja. Katika mlango huu tutaeleza jinsi kukanda, kuchua na kunyosha viungo kunavyoweza kupunguza maumivu, na kumwezesha aliyelemaa atumie tena mguu wake au mkono wake. Tena tutaeleza ni wapi mikono ya mkandaji huleta hasara badala ya faida, maana wako watoto waliopotewa na mkono kwa sababu hiyo.

Kwanza yatupasa kujua kile tunachokikanda ni nini. Mtu mzima ana mifupa 206, na mifupa hiyo imevikwa misuli zaidi ya 600. Misuli ndiyo nyama yenyewe, ile nyekundu tuionayo kwa ng'ombe aliyechinjwa. Kila msuli umefungwa katika mfupa kwa kano, ambazo ni nyeupe na ngumu mfano wa kamba. Shika mguu wako nyuma, juu kidogo ya kisigino, kisha inua na kushusha vidole. Utausikia ukano unaopanda na kushuka chini ya ngozi. Huo ndio mnene kuliko kano zote za mwili, nao tutauona tena mbele.

Msuli hujua kazi moja tu, nayo ni kuvuta. Hauwezi kusukuma. Ndiyo sababu misuli imewekwa jozi jozi. Weka kiganja cha kushoto juu ya mkono wako wa kulia, upande wa mbele, kati ya bega na kiwiko, kisha kunja mkono. Utasikia msuli unavimba na kuwa mgumu. Huo ndio uukunjao mkono. Ukitaka kuunyosha, msuli wa nyuma ndio uvutao, na ule wa mbele hulegea. Basi ikiwa mmoja katika jozi umepooza na mwenziwe ni mzima, mguu au mkono huvutwa upande mmoja daima, kama mchezo wa kuvutana kamba ambao kundi moja limeachia. Na kiungo kilichovutwa upande mmoja kwa muda wa miezi, misuli yake hufupika, kano zake hufupika, hata mwisho hakiwezi kunyoka tena. Liweke jambo hili moyoni, maana mengi tutakayoyasema yatoka hapo.

Tena kiungo kisichotumika huharibika, hata kama hakina ugonjwa. Mtu aliyefungwa plasta kwa wiki sita anajua jinsi mguu unavyotoka ndani yake: mwembamba, na goti halikunjiki. Ncha za mifupa zikutanapo zimefunikwa kwa gegedu, ambayo ni laini na yateleza. Gegedu haina mishipa ya damu. Chakula chake hukipata katika majimaji yaliyomo ndani ya kiungo, nayo majimaji hayo huingia na kutoka katika gegedu wakati kiungo kinapokwenda. Kwa hiyo mtu asiyeligeuza goti lake huiacha gegedu yake na njaa.

Sasa tuangalie kazi ya mikono. Mkandaji aliye stadi hupaka kwanza mafuta, ya nazi au ya ufuta, ili ngozi isichubuke. Huanza kwa kupapasa polepole kwa kiganja kizima, akielekeza mikono upande wa moyo, ndiko iendako damu ya mishipa iliyo karibu na ngozi. Kisha hushika nyama na kuiminya kama aminyavyo unga, mkono huu ukipokea kutoka kwa huu. Mahali palipo na fundo gumu huzungusha kidole gumba kwa nguvu kidogo, kisha humaliza kwa kupapasa kama alivyoanza. Mikono ikiwa ya baridi, au kucha zikiwa ndefu, au mkandaji akiwa na haraka, mgonjwa hujikaza, na misuli iliyokazwa haikandiki.

Je, maumivu hupunguaje? Mtoto akijikwaa kidole katika jiwe, neno la kwanza hukishika na kukisugua. Hakuna aliyemfundisha. Habari za maumivu hupita katika mishipa ya fahamu hata uti wa mgongo, na kutoka huko huenda kwenye ubongo. Habari za kuguswa na kubonyezwa nazo hupita njia hiyo hiyo. Mwaka 1965 wataalamu wawili, Ronald Melzack na Patrick Wall, walieleza ya kuwa katika uti wa mgongo pana kama mlango, na habari za kuguswa ziingiapo kwa wingi, za maumivu huzuiliwa zisipite zote. Maelezo yao yamesahihishwa hapa na pale tangu wakati huo, lakini shina lake limesimama. Zaidi ya hayo, joto la mikono na utulivu wa kulazwa huifanya misuli iliyokazwa ilegee. Watu husema pia ya kuwa kukanda hutoa sumu mwilini. Hilo si kweli. Sumu za mwili hutolewa na ini na mafigo, na hakuna kiganja kiwezacho kufanya kazi yao.

Wala mtu asidhani ya kuwa kukandwa peke yake kutamponya. Nafuu yake mara nyingi ni ya saa chache, au siku chache. Faida kubwa ni hii, ya kwamba katika muda ule wa nafuu mgonjwa aweza kukinyosha na kukiendesha kiungo ambacho kwanza hakuthubutu kukigusa. Mkandaji hufungua mlango. Kupita ni kazi ya mgonjwa mwenyewe.

Maarifa haya si ya juzi, wala si ya taifa moja. Ibn Sina, tabibu mkuu aliyeishi tangu mwaka 980 hata 1037, katika kitabu chake cha Kanuni ya Tiba aliandika juu ya kusugua mwili, akatofautisha kusugua kwa nguvu na kusugua kwa upole. Huko Uswidi, Per Henrik Ling, aliyekuwa mwalimu wa kupigana kwa panga, alifungua chuo cha mazoezi ya viungo mjini Stockholm mwaka 1813, na wanafunzi wake wakaeneza nchi nyingi elimu ya kutibu kwa mazoezi. Mtu wa Uholanzi, Johan Georg Mezger, akapanga aina za kukanda hata zikafundishika kwa taratibu. Na mjini London mwaka 1894 wauguzi wanne wanawake walianzisha chama cha wakandaji waliofundishwa, kwa kuwa wadanganyifu wengi walikuwa wakitumia jina la kazi ile na kuitia aibu. Chama hicho kingaliko hata leo, nacho ni cha wataalamu wa tiba ya viungo.

Lakini habari ninayopenda zaidi kuwasimulia ni ya mwanamke mmoja wa Australia, jina lake Elizabeth Kenny, aliyezaliwa mwaka 1880. Alikuwa akiuguza watu wa mashamba katika nchi ya Queensland, mahali ambapo tabibu alikuwa mbali, na njia ilikuwa ya farasi. Cheti cha uuguzi hakuwa nacho. (Sisi wenye vyeti imetupasa kuisoma habari hii kwa unyenyekevu.) Kwa maelezo yake mwenyewe, mwaka 1911 aliitwa kwa mtoto aliyelala na miguu iliyojikunja, akilia kwa maumivu kila alipoguswa. Akapeleka simu kwa tabibu amwulize ni ugonjwa gani. Jibu lilikuwa kwamba ni ugonjwa wa kupooza watoto, ndio tuuitao polio, nao hauna dawa. Basi afanye awezavyo.

Polio huletwa na kijidudu kidogo mno kiingiacho kwa kinywa, katika maji au chakula kilichochafuliwa na kinyesi. Wengi wakipatao hawajui hata kama wamekipata. Lakini katika watu 200 mmoja hivi hupooza, kwa sababu kijidudu kile huua zile chembe za uti wa mgongo zinazoiamuru misuli. Msuli usioamriwa haufanyi kazi. Na mwanzoni mwa ugonjwa misuli mingine hukakamaa na kuuma sana.

Matabibu wa siku zile waliona jinsi msuli mzima unavyouvuta mguu na kuupinda, kama tulivyoeleza juu. Wakafikiri hivi: tuifunge miguu kwa mbao au kwa plasta, isiweze kupindika. Fikira hiyo haikuwa ya kipumbavu, ilikuwa na sababu yake. Lakini watoto walilala wamefungwa kwa majuma mengi, na wengine kwa miezi, na walipofunguliwa misuli ilikuwa imekonda, na viungo vimekuwa vigumu kama kuni.

Elizabeth Kenny hakufunga mbao. Alichukua blanketi la sufu, akalikata vipande kwa kipimo cha mguu wa mtoto, akavitia katika maji yaliyochemka, akavikamua hata visidondoke tone, ndipo akaviviringisha katika misuli iliyokakamaa. Kilipopoa kimoja, alitia kingine, mchana kutwa. Maumivu yalipopungua alianza kukiendesha kila kiungo kwa mikono yake, polepole, bila kulazimisha. Baadaye alimfundisha mtoto kuufikiri msuli ule uliolala na kuuita kwa nia yake, huku yeye akiuongoza mguu. Kazi hii ilichukua miezi, kila siku, na uvumilivu wake ndio uliokuwa dawa iliyo kubwa.

Mwaka 1938 baraza la matabibu waliowekwa na serikali ya Queensland kuichunguza kazi yake lilitoa hukumu, wakaikataa. Yeye hakunyamaza, alikuwa mkali wa maneno, na ukali ule ulimpatia adui wengi ambao pengine asingekuwa nao. Mwaka 1940 alivuka bahari kwenda Marekani, na katika mji wa Minneapolis matabibu wakakubali kumpa wagonjwa na kuangalia. Waliyoyaona yaliwageuza mioyo. Mwaka 1942 ilifunguliwa mjini humo nyumba ya kuuguzia yenye jina lake, na katika miaka iliyofuata hospitali nyingi ziliacha kuwafunga watoto mbao. Alifariki mwaka 1952.

Hata hivyo haki ya wale waliompinga nayo isemwe. Elizabeth Kenny aliamini ya kuwa ugonjwa wenyewe umo katika misuli, na hapo hakusema kweli. Umo katika uti wa mgongo, kama matabibu walivyosema. Wala hakuweza kufufua chembe iliyokufa. Alichoweza ni kuondoa maumivu, kuilinda misuli iliyobaki isifupike, na kuyafundisha mabaki ya nguvu yafanye kazi. Mikono yake ilijua zaidi kuliko maelezo yake. Chanjo ya kwanza ya polio, ya Jonas Salk, iliruhusiwa mwaka 1955, na baadaye yakaja matone ya kinywani ya Albert Sabin, ambayo wengi wenu mmeyaonja. Mwezi wa Agosti 2020 ilitangazwa kwamba polio ya asili imekwisha katika nchi za Afrika. Lakini kijidudu chake kikaletwa tena kutoka nje, kikaonekana Malawi na Msumbiji, na watoto wakapewa matone upya.

Kunyosha kunafaa pia kwa mtoto aliyeungua. Jikoni mwetu moto huwa chini, na watoto wadogo huangukia uji au maji ya moto. Kidonda cha moto kikipona katika kikunjo cha kiwiko, au nyuma ya goti, au shingoni, ngozi mpya hujivuta na kufupika, nayo huukunja mkono kidogo kidogo mpaka hauendi mbele tena. Mtoto hupenda kuukunja mkono wake maana hapo haumuumi, na mama kwa huruma humwacha. Huruma hiyo yamgharimu. Wauguzi huufunga mkono ukiwa umenyoka wakati wa usiku, na mchana huuendesha. Na kidonda kikiisha kufunga kabisa, kovu huchuliwa kwa mafuta kila siku, na ngozi yake kunyoshwa polepole. Kazi ya miezi hii yaweza kumwokoa na kisu cha tabibu.

Vivyo hivyo katika nyumba za wagonjwa wa ukoma, wale ambao vidole vyao vimejikunja kwa kuharibika mishipa ya fahamu hufundishwa kuloweka mikono katika maji yasiyo moto, kuipaka mafuta, kisha kuweka mkono juu ya paja na kuvinyosha vidole kwa mkono wa pili. Maji hayo lazima mtu mwingine ayapime kwanza, kwa kuwa mgonjwa wa namna hiyo hasikii moto.

Nanyi mlio wazima mkitaka kunyosha misuli, kwa mfano baada ya mpira au baada ya kulima, fanyeni hivi. Simama mbele ya ukuta, weka mikono ukutani, peleka mguu mmoja nyuma, kisigino kikae chini, kisha egemea mbele mpaka usikie mvuto katika tafu. Kaa hivyo, hesabu polepole hata 30. Usirukeruke. Msuli ukivutwa kwa ghafula hujikaza kwa kujilinda, nawe utakuwa unashindana na mwili wako mwenyewe. Mvuto ni sawa. Maumivu makali si sawa. Na kifundo cha mguu kikiteguka, siku ya kwanza usikichue. Inua mguu, weka kitambaa cha maji ya baridi. Baada ya siku mbili tatu, uvimbe ukipungua, keti na mguu hewani, uandike alif-be-te au a-be-che kwa kidole gumba, herufi moja moja. Hakuna zoezi la kifundo nilijualo lifurahishalo watoto kuliko hilo. Lakini ikiwa huwezi hata hatua nne kwa mguu huo, yafaa mfupa utazamwe hospitalini.

Hapa ndipo nataka kusema sana juu ya hatari. Wakati wa maembe watoto hupanda, na watoto huanguka. Aangukaye huweka mkono mbele, na mfupa huvunjika juu kidogo ya kiwiko; kuvunjika huko ni kwingi kwa watoto wadogo. Wazee wa nyumba, kwa nia njema kabisa, humwita mkandaji. Yeye huvuta mkono, huuchua kwa nguvu, kisha huufunga kwa fito na kukaza kamba. Sasa mabaya mawili huweza kutokea. La kwanza, nyama iliyoumia karibu na kiwiko ikichuliwa kwa nguvu huweza kuota mfupa ndani yake, na kiwiko kikagandamana, kisikunjike wala kunyoka maisha yake yote. La pili ni baya zaidi. Mkono uliovunjika huvimba, na kamba iliyokazwa haivimbi pamoja nao. Damu hukatika. Vidole huwa vya baridi, hubadilika rangi, hufa ganzi. Mtoto hulia kwa maumivu yasiyo na kiasi, kisha hunyamaza, na watu hudhani amepata nafuu. Hakupata nafuu; mkono unakufa. Basi mkiona vidole vya mwenzenu aliyefungwa fito vimekuwa baridi au havigeuki, au akisema havisikii, semeni wakati ule ule, hata kama ninyi ni wadogo na wasemao kinyume ni wakubwa. Kamba ilegezwe, na mtoto apelekwe hospitali siku hiyo, si kesho yake.

Mahali pengine pasipokandwa ni hapa: juu ya jipu, juu ya kidonda, juu ya kiungo chenye moto na homa, na tafu la mguu mmoja lililovimba na kuuma pasipo kuumizwa. Tafu kama hilo huenda lina damu iliyoganda ndani ya mshipa, na donge lake likisukumwa huweza kwenda hata mapafuni na kumwua mtu. Na katika ile desturi ya kumkanda mzazi, wakunga wengi ni watu wa maarifa, lakini maji yasiwe ya kuunguza. Kama mkunga hawezi kuvumilia kuweka kiwiko chake ndani ya maji, tumbo la mzazi nalo lisivumilishwe.

Imebaki habari ya watoto wachanga. Katika kila watoto 1,000 hivi, mmoja huzaliwa na nyayo zilizogeukia ndani, mguu mmoja au yote miwili. Zamani matabibu waliikata miguu hiyo kwa kisu mara nyingi, nayo ilinyoka, lakini baada ya miaka ilikuwa migumu na yenye maumivu. Ignacio Ponseti, mtu wa Hispania aliyezaliwa mwaka 1914 na kuhamia Marekani, aliona ya kuwa kano za mtoto mchanga ni laini, zaweza kunyoshwa kwa mikono mitupu. Akaushika mguu mdogo, akaugeuza nje kwa upole mahali palipo sawa, kidogo tu, kisha akautia plasta ubaki hapo. Baada ya wiki moja akafungua, akaunyosha tena kidogo, akatia plasta nyingine. Plasta tano au sita hivi hutosha. Mwishoni mara nyingi hukatwa ule ukano mmoja wa kisigino, nao huota upya, mrefu kuliko kwanza, ndani ya wiki tatu. Alitangaza njia yake mwaka 1963, na kwa muda wa miaka mingi wenziwe hawakumsikiliza, wakipenda kisu. Alikuwa mzee sana walipomrudia. Leo njia hiyo hutumika katika hospitali nyingi za Afrika ya Mashariki, nayo haihitaji mashine yoyote.

Lakini plasta zikiisha, kazi huhamia nyumbani. Mtoto huvikwa viatu viwili vilivyoungwa kwa kipande cha chuma, nyayo zikiangalia nje, mchana na usiku kwa miezi mitatu, kisha wakati wa kulala tu, mpaka afike umri wa miaka minne hivi. Akivuliwa mapema, kwa kuwa mguu waonekana mzuri na jirani wanauliza kile chuma ni cha nini, nyayo hurudi ndani. Mama huvifunga viatu hivyo kila jioni kabla ya kuzima taa, na mtoto hupigapiga kitanda kwa chuma mpaka usingizi umchukue.